Kwa nini kwinini hung'aa, na chumvi huizimaje

Nunua chupa ya soda ya tonic, uimimine kwenye glasi, kisha uiweke chini ya ile taa ya zambarau wanayokagulia noti bandia madukani. Kinywaji kisicho na rangi kitawaka buluu. Kinachowaka ni kwinini, dawa ile ile chungu ya malaria, ambayo kwenye soda hutiwa kidogo tu kwa ajili ya ule uchungu wake. Marekani, kwa mfano, sheria hairuhusu ipite miligramu 83 hivi kwa lita. Sasa tia kijiko cha chumvi ya kupikia. Soda itafoka povu kwanza, iache itulie. Ukiitazama tena chini ya taa, buluu imekufa au imebaki kidogo sana.

Kwinini bado imo, yote. Taa ni ile ile, na kwinini inaendelea kufyonza mwanga wake kama mwanzo. Ila haiurudishi tena. Ukielewa kilichotokea ndani ya glasi hiyo, umeelewa sehemu kubwa ya fotokemia, yaani elimu ya mwanga na molekuli, kwa sababu kupokea mwanga si jambo gumu kwa molekuli. Kazi ipo kwenye kuutua mzigo wa nishati baada ya kuupokea, na hapo kuna njia kadhaa zinazoshindana kwa kasi. Kung'aa ni njia mojawapo tu, tena kwa molekuli nyingi duniani ndiyo inayoshindwa.

Kupanda

Mwanga huja kwa vifurushi viitwavyo fotoni. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo fotoni moja inavyobeba nishati nyingi: ya mwanga mwekundu ina kidogo, ya buluu ina zaidi, na ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, inazidi zote hizo. Elektroni za molekuli nazo haziwezi kuwa na nishati ya kiasi chochote. Zina ngazi maalumu, na kati ya ngazi na ngazi hakuna pa kusimama. Kwa hiyo fotoni humezwa nzima au hupita zake. Ni kama konda asiye na chenji na asiyekubali pungufu: hela yako ilingane na nauli, au ubaki kituoni.

Nauli hupangwa na umbo la molekuli. Maji na sukari zina elektroni zilizobanwa kati ya atomu mbili mbili, na kuzipandisha kunahitaji fotoni kali kuliko zile za taa ya noti, kwa hiyo mwanga wa taa hiyo unapenya bila kuguswa. Kwinini ni tofauti. Ndani yake kuna pete mbili za atomu zilizoungana ubavu kwa ubavu, na baadhi ya elektroni zake si mali ya atomu moja wala mbili: zimetandaa juu ya pete zote. Elektroni zilizotandaa hupanda kwa nauli nafuu. Fotoni ya nanomita 350 hivi inatosha (urefu wa wimbi hupimwa kwa nanomita, sehemu ya bilioni ya mita). Zikitandaa zaidi, nauli inashuka zaidi. Beta-karotini, inayoyapa karoti na mawese rangi yake, ina vifungo maradufu 11 vilivyopangana kwa mnyororo, na kwa urefu huo nauli imeshuka mpaka kwenye mwanga wa buluu unaoonekana. Buluu ikishamezwa, kinachofika machoni kwako ni rangi ya chungwa.

Tendo lenyewe la kumeza fotoni huchukua femtosekunde moja hivi: igawe sekunde kwa bilioni, kisha kipande kimoja ukigawe tena kwa milioni. Viini vya atomu ni vizito mno kuhama kwa muda huo. James Franck alilitambua jambo hili mwaka 1925, na Edward Condon akalifanyia hesabu muda mfupi baadaye. Elektroni zinakuwa zimeshahamia kwenye mpangilio mpya huku viini vingali pale pale vilipokuwa, na mpangilio huo mpya unavitaka vikae kwa umbali mwingine. Basi molekuli inajikuta imesisimka mara mbili: elektroni iko ngazi ya juu, na kiunzi chake chote kinatetemeka.

Mtetemo huo haudumu. Molekuli za maji zilizoizunguka kwinini huupokea kwa kugongana nayo, na ndani ya pikosekunde chache, yaani sehemu chache za trilioni ya sekunde, unakuwa joto. Hasara hii hutangulia kabla ya mwanga wowote kurudi. Kwinini humeza fotoni za nanomita 350 na kurudisha za nanomita 450 hivi. Zaidi ya moja ya tano ya nishati imebaki ndani ya maji. Ndiyo maana kinachoingia hakionekani na kinachotoka ni buluu.

Mrija wa Stokes

Jambo hilo George Gabriel Stokes, mwanasayansi wa Cambridge, alilionyesha mwaka 1852 kwa jaribio ambalo mimi sijaona la kulizidi kwa urahisi na uzuri. John Herschel alikuwa ameshaandika mwaka 1845 kuhusu buluu ya ajabu inayoonekana usoni mwa mmumunyo wa kwinini, lakini chanzo chake kilikuwa fumbo. Stokes akatia chumba giza, akaacha mwali mwembamba wa jua upite kwenye prizimu na kutandazika kuwa rangi za upinde wa mvua. Akachukua mrija wa kioo wenye mmumunyo wa kwinini, akaupitisha kwenye rangi hizo, moja baada ya nyingine. Nyekundu, hakuna kitu. Manjano, kijani, buluu, bado hakuna kitu, mwanga unapita ndani ya mrija kama kwenye maji matupu. Ulipokaribia mwisho wa zambarau, mrija ukaanza kuwaka. Akausogeza mbele zaidi, nje kabisa ya rangi, mahali ambapo jicho la mtu linaona giza tu, nao ukazidi kuwaka buluu.

Palikuwa na mwanga pale usioonekana, na kwinini ilikuwa ikiugeuza kuwa mwanga unaoonekana. Kabla ya hapo wengi waliamini mwanga ukishakuwa wa rangi fulani haubadiliki. Unaweza kupungua au kupinda, basi. Tofauti kati ya wimbi linaloingia na lile refu zaidi linalotoka inaitwa hadi leo kwa jina la Stokes.

Karibu karne moja baadaye ung'avu huo ukaingia kazini. Mwaka 1942 Japani iliiteka Java, ambako kulitoka sehemu kubwa ya kwinini ya dunia. Mashamba mengine ya mti wake yalikuwepo, likiwemo lile la Amani kule Usambara Mashariki lililoanzishwa na Wajerumani, na yale ya Kivu, mashariki mwa Kongo, lakini hayakutosha kwa vita vya dunia nzima. Wamarekani wakageukia dawa ya kutengenezwa kiwandani, atabrini, na hapo likaja swali la dozi: ni kiasi gani hasa cha dawa kinabaki ndani ya damu ya askari? Bernard Brodie na Sidney Udenfriend, waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali moja ya New York, walilijibu kwa kuimulika dawa hiyo na kupima ung'avu wake, kwani atabrini nayo hung'aa. Kutokana na kazi za aina hiyo, Robert Bowman wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani alibuni katika miaka ya 1950 mashine inayochagua wimbi la kuingiza na wimbi la kupima. Mashine zinazofanana na hiyo sasa zimejaa kwenye maabara za kemia na biolojia.

Kushuka

Aleksander Jabłoński, mwanafizikia wa Poland ambaye ujanani alipiga fidla katika okestra ya opera ya Warsaw, alichapisha mwaka 1933 mchoro ambao bado ndio ramani ya somo hili. Mistari ya mlalo imepangwa mmoja juu ya mwingine kuonyesha ngazi za nishati, na kati yake kuna mishale ya kupanda na kushuka. Vitabu vingi vya shule huuchapisha bila kuandika muda pembeni ya kila mshale, na kwa maoni yangu huko ni kumnyima msomaji kiini chenyewe. Kupanda huchukua femtosekunde, mtetemo hutulia kwa pikosekunde, na kushuka kwa kutoa mwanga husubiri nanosekunde kadhaa (nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde), mara maelfu ya muda wa kutulia. Molekuli haichagui pa kupita. Njia yenye kasi kubwa zaidi ndiyo inayochukua molekuli nyingi zaidi, na zilizosalia zinagawanywa na njia nyingine kwa kadiri ya kasi zao.

Kwinini iliyo ndani ya asidi ya salfuriki nyepesi hukaa juu kwa nanosekunde karibu 20. Kati ya kila molekuli 100 zilizopanda, 54 hivi hushuka kwa kutoa fotoni. Zilizobaki hushuka kimyakimya, nishati ikaishia kuwa joto. Hesabu hii ya 54 imepimwa mara nyingi kiasi kwamba kwinini imefanywa kipimo: mtu akitengeneza rangi mpya inayong'aa, mara nyingi huilinganisha nayo.

Kwetu nanosekunde 20 si muda, lakini molekuli ndani ya maji hupata nafasi ya kukutana na majirani wengi kwa muda huo. Hapa ndipo chumvi inapoingia. Ikiyeyuka, hutoa ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme: za sodiamu na za kloridi. Sodiamu haina neno. Kloridi ina elektroni isizozishikilia kwa nguvu sana, na ikikutana na kwinini iliyosisimka, elektroni yake huvutwa upande wa kwinini kwa kitambo kidogo. Inaporudi mahali pake, nishati imeshageuka joto na hakuna fotoni ya kutoa. Kwa gramu sita hivi za chumvi kwenye lita moja, kila kwinini hukutana na kloridi takriban mara moja kwa kila nanosekunde. Njia inayohitaji nanosekunde 20 itaishindaje njia inayofika baada ya moja? Na kijiko kimoja kwenye glasi ni chumvi nyingi kuliko hiyo.

Kama unadhani ni uchumvi tu unaoua buluu, rudia jaribio kwa chumvi ya haluli, yaani magnesiamu salfeti. Buluu inabaki, kwa kuwa salfeti haiachii elektroni zake kirahisi. Ndiyo sababu maabara huyeyusha kwinini kwa asidi ya salfuriki na si kwa asidi ya hidrokloriki.

Mtu mwingine wa muziki katika somo hili ni Michael Kasha, Mmarekani ambaye baadaye alitumia miaka mingi kubuni upya umbo la gitaa. Kanuni aliyoitoa mwaka 1950 ni kwamba molekuli, hata ikipandishwa ngazi ya pili au ya tatu, karibu kila mara hung'aa kutoka ngazi ya chini kabisa kati ya zile za msisimko. Ngazi za juu zimekaribiana mno, na kuporomoka kutoka moja hadi nyingine huchukua muda mfupi kuliko pikosekunde moja. Mwanga haupati nafasi.

Mchicha unalionyesha hili vizuri. Ponda majani machache ndani ya spiriti ile ya kusafishia vidonda, chuja, kisha kimulike kimiminika kile cha kijani gizani kwa tochi ya buluu. Kitang'aa nyekundu iliyokolea. Klorofili ina nauli mbili kubwa, moja kwenye buluu na nyingine kwenye nyekundu, lakini iliyopanda kwa buluu huporomoka mara moja mpaka ile ngazi ya nyekundu, na ziada yote inakuwa joto. Mmea nao hufaidika: fotoni ya buluu na fotoni nyekundu, kwa kazi ya kutengeneza sukari, zina thamani ile ile.

Jani zima likimulikwa haling'ai hivyo, kwa sababu klorofili iliyo mahali pake ina njia ya kasi kuliko kung'aa. Humkabidhi jirani nishati, jirani naye humpa mwingine, mpaka inafika penye mitambo ya usanisinuru. Ni fotoni moja au mbili tu katika 100 zinazorudi kama mwanga mwekundu. Hata kidogo hicho hupimwa, mpaka na setilaiti, kwa kuwa mmea ukipata dhiki ya ukame au joto, mgawanyo wa njia hubadilika na ung'avu wake nao hubadilika.

Njia ya pembeni

Elektroni hukaa mbili mbili, na kila moja ina spini, tabia inayofanana na kujizungusha, ya moja ikielekea kinyume na ya mwenzake. Fotoni huipandisha moja bila kuigeuza. Mara moja moja, ikiwa huko juu, elektroni hujigeuza na spini zote mbili zikaelekea upande mmoja. Hali hiyo inaitwa tripleti, na ina shida ya kipekee: sheria za kwanta, yaani za fizikia ya vitu vidogo mno, zinakataza kushuka kutoka hapo moja kwa moja. Katazo si kamili, ila linatosha kuichelewesha molekuli mikrosekunde, milisekunde, au hata sekunde nzima. Mwanga ukitoka kwa njia hiyo huchelewa, na taa ikizimwa unaendelea kuonekana kwa muda. Gilbert Lewis na Kasha ndio waliodhihirisha mwaka 1944 kwamba mwanga huo wa kuchelewa hutoka kwenye tripleti. (Zile nyota za kubandika darini zinazong'aa usiku hutajwa sana kuwa mfano wa jambo hili. Si mfano mzuri: nyingi ni fuwele, na nishati yake imenaswa kwenye dosari za fuwele, haikukaa ndani ya molekuli moja moja.)

Ndani ya maji au hewani mwanga wa tripleti hauonekani mara nyingi, kwa kuwa molekuli iliyokaa juu muda mrefu hivyo lazima ikutane na oksijeni. Oksijeni ya kawaida yenyewe ni tripleti, na mbili hizi zikikutana hubadilishana: molekuli inashuka, na oksijeni inapanda kuwa aina kali inayoshambulia chochote kilicho karibu. Kanga iliyoachwa kwenye kamba juani wiki baada ya wiki hupauka kwa sababu kadhaa, na hii ni mojawapo, rangi ikitengeneza kwa jua lile lile oksijeni inayoila. Jani la kijani, linalokaa juani maisha yake yote, lingejiua hivyo lisingekuwa na karotenoidi, rangi za jamii ya ile beta-karotini. Hizo hukaa bega kwa bega na klorofili, huipokonya nishati ya tripleti, na kuimwaga kama joto.

Pale ambapo kung'aa hakutakiwi

Fotoni ya jua ya nanomita 300, ikihesabiwa kwa moli, ile idadi kubwa maalumu ambayo wanakemia huhesabia chembe, ina kilojuli 400 hivi. Kifungo cha kawaida kati ya kaboni na kaboni huvunjika kwa kilojuli 350 hivi. Kwa hiyo kila molekuli ya ngozi inayomeza fotoni kama hiyo imepokea nishati ya kutosha kuvunja kifungo chake yenyewe, na usalama wake unategemea ni kwa haraka gani itaitoa. Herufi nne za DNA hufanya hivyo kwa chini ya pikosekunde moja, na ndiyo sababu DNA hata haing'ai. Hata hivyo mara chache haraka hiyo haitoshi: thimini mbili (thimini ni mojawapo ya herufi hizo) zilizopakana huungana kabla nishati haijatoka, na seli isipozirekebisha, mwanzo wa saratani unaweza kuwa hapo.

Melanini, rangi ya asili ya ngozi, huwahi kabla ya DNA. Humeza urujuanimno na kuugeuza karibu wote kuwa joto. Mtu mwenye ualbino ana melanini kidogo au hana kabisa, na chini ya jua la ikweta tofauti hiyo ni ya uhai. Moshi, kaskazini mwa Tanzania, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua ya Kilisun mahususi kwa ajili yao.

Vichujio vya urujuanimno katika mafuta ya kukinga jua hutakiwa kuwa kinyume cha kwinini: vimeze mwanga kwa wingi na visiurudishe. Oksibenzoni, inayotumika katika baadhi ya mafuta hayo, ina atomu ya hidrojeni iliyo kati ya oksijeni mbili. Ikisisimka, hidrojeni huruka kutoka oksijeni moja kwenda ya pili, molekuli inashuka kwa njia ya joto, na hidrojeni inarudi ilikotoka. Mzunguko mzima ni wa pikosekunde, na molekuli iko tayari kwa fotoni nyingine.

Avobenzoni, kichujio kingine cha kawaida, haina bahati hiyo. Baadhi ya molekuli zake hupitia tripleti na kuvunjika, na iliyovunjika haichuji tena. Watengenezaji huichanganya na oktokrileni, ambayo huipokonya nishati ile kabla haijaleta madhara, lakini hata hivyo kinga hupungua kadiri mtu anavyokaa juani. Jasho, maji na kitambaa cha kujifutia uso huondoa sehemu kubwa zaidi, na ndiyo maana maelekezo ya mafuta mengi huagiza kupaka tena kila baada ya saa mbili.